Maneno Ambayo Bibi Hakuyasema

Ijumaa, 5 Juni

Kaka amerudi kutoka chuoni, na safari hii hakuleta nguo chafu tu. Ameleta kijitabu. Jalada la bluu, nembo ya chuo, karatasi zinazoteleza. Ndani kuna mahojiano ambayo wanafunzi wa historia wa mwaka wa pili waliwafanyia wazee kuhusu kazi zao za zamani. Na ya kwanza kabisa, ukurasa wa tatu, ni ya Bibi yetu!

“Opereta Namba Nne.” Ndicho kichwa chake.

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kuna nini. Ameshapiga picha jalada na kulirusha kwenye kundi la familia. Mjomba, ambaye huwa hajibu hata salamu, amejibu.

Bibi alifanya kazi kwenye ubao wa simu, enzi za kuunganisha watu kwa mkono. Unapiga, anapokea yeye, unamwambia unamtaka nani, anachomeka waya, mnaongea. Kila msichana aliitwa kwa namba ya kiti chake. Bibi alikuwa Namba Nne. Shoga yake aliyekaa kulia kwake alikuwa Namba Tano, na mpaka leo hawaitani vingine. Nilifika darasa la tatu ndipo nikagundua kwamba Namba Tano ana jina.

Ninayakumbuka mahojiano yenyewe, maana nilikuwepo. Ilikuwa likizo. Sikio la kushoto la Bibi limekufa, linasemekana liliuawa na hedifoni, kwa hiyo Kaka alikuwa anauliza na mimi namtamkia Bibi swali upya kwenye sikio la kulia. Nilikuwa kipaza sauti. Kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea: maneno yote ni ya wengine.

Kitu kimoja tu kinanishangaza. Yalikuwa mafupi. Dakika kumi na nane. Kaka alipouliza habari za mgomo wa maopereta, Bibi alisema, “Hilo siliongelei,” akataka simu izimwe, ikazimwa. Sasa kijitabuni ni kurasa kumi na moja.

Labda wamepanua herufi.

Jumamosi, 6 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Tulipomaliza kula Bibi akaniambia, “Mke mwenzangu, lete hicho kitabu nisikie nilivyoongea.” Kaka yeye humwita “mume wangu”, basi mimi nimekuwa mke mwenza tangu nizaliwe. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye humsomea kila kitu, hata maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Mama alikuwa zamu maabara. Kaka amelala kwenye mkeka na simu yake.

Kurasa za mwanzo zilikuwa Bibi mwenyewe. Jinsi walivyopimwa sauti kabla ya kuajiriwa. Msimamizi aliyepita nyuma ya viti na rula ndefu. Na ile sheria anayoipenda kuliko sala: ukishaunganisha, unatoka. Ukisikia halo mbili, funga swichi, ondoka kwenye laini, mazungumzo si yako. Bibi alicheka, akapiga goti. “Taratibu, mke mwenzangu. Hapo pana utamu.”

Nikasoma taratibu. Nikafika ukurasa wa nane.

Nilikuwa nimeshayatamka kabla akili haijanifikia. Nayanakili hapa neno kwa neno: “Siku ile sikutoka kwenye laini. Nilisikiliza. Nikamsikia Namba Tano akimtajia bwana mkubwa majina ya wasichana waliopanga mgomo, mmoja baada ya mwingine. Nimeibeba siri hii maisha yangu yote, kama jiwe kifuani.”

Bibi akasema, “Rudia.”

Nikarudia.

“Nani kasema hayo?”

“Wewe, Bibi. Yaani — imeandikwa wewe.”

“Mimi? Mimi nilisikiliza simu ya watu?”

Kaka alikuwa ameshaketi. Nilimwona uso. Hakujua! Naapa hakujua maneno hayo yamo humo. Midomo ilikuwa wazi kama ya samaki. Nikasubiri aseme ni makosa, ni ya mzee mwingine, wachapaji wamechanganya. Nilisubiri kabisa.

Akasema, “Ulisema, Bibi. Siku ile. Umesahau tu.”

Kwa upole. Sauti ile ya kumsemesha mgonjwa.

Bibi akanigeukia mimi. “Mke mwenzangu, wewe ulikuwepo. Nilisema?”

Kaka alikuwa ananitazama kwa nyuma yake. Mimi nilitazama kijitabu. Nikasema, “Sikumbuki vizuri, Bibi.”

Sikumbuki! Mimi ninayekumbuka jedwali zima la elementi, na nguo aliyovaa mwalimu wa jiografia siku ya kwanza ya muhula.

Bibi akajiambia, kwa sauti ya chini, “Basi ndiyo yameanza. Mama yangu naye yalimwanza hivihivi.”

Jumapili, 7 Juni

Nilimbana Kaka kwenye kamba ya nguo, Mama akiwa ndani anapiga pasi. Neno “nilimbana” ni kubwa. Nilisimama karibu naye na kapu la vibanio mpaka akashindwa kuvumilia.

“Kobe, usinitazame hivyo.” Ananiita Kobe kwa sababu nikiona wageni naingiza kichwa.

Nikampa kibanio.

“Walitaka saa nzima. Nilikuwa na dakika kumi na nane. Na mwisho wa kukusanya ulikuwa kesho yake.”

Akaeleza huku akianika soksi moja kwa muda mrefu sana. Ile akili mnemba ilimgeuzia sauti ya Bibi kuwa maandishi. Hilo ni ruhusa, wote walifanya, na kuna mahali pa kutamka kwamba umefanya. Akatamka. Kisha akaona maandishi ni machache. Akaiambia: endelea kama anavyoongea, yafike maneno elfu nne.

“Ikaendelea?”

“Iliendelea vizuri, Kobe. Bibi mtupu. Hata ‘mume wangu’ iliweka.”

“Ukasoma?”

“Nilisoma mwanzo.”

“Mwanzo ulikuwa wa Bibi.”

“Nyuma nilipitisha macho.”

Nikamuuliza kwa nini Namba Tano. Katika watu wote, kwa nini yeye. Akasema hajui. Alikuwa ametajwa katika dakika zile za kweli, kwamba walikaa jirani, kwamba walikula pamoja. Mashine iliokota jina lililokuwa karibu.

Bibi alikataa kuliongelea. Alikataa mbele yetu. Na pale hasa alipofunga mdomo, pakajazwa.

Nikamwambia amwambie Bibi ukweli. Akasema rahisi kusema. Muhula uliopita wawili wa darasa lao walitumia mashine wakaficha, wakarudishwa nyumbani mwaka mzima. “Unataka nirudi kulala chumba kimoja na wewe? Unataka Mama akaifute ile picha kwenye kundi?” Halafu akaongeza, “Bibi ana miaka themanini na moja. Kesho kutwa ameshasahau.”

“Ndicho anachokiogopa,” nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Aliacha nguo nusu akaenda zake. Nilianika mimi.

Jumatatu, 8 Juni

Chumba cha kompyuta shuleni, saa ya kujisomea.

Mimi si adui wa mashine. Huwa naiambia inihoji kemia, na ni mvumilivu kuliko mwalimu wetu. Mara moja ilinipa jibu la uongo kuhusu chuma kwa kujiamini kabisa, na tangu siku hiyo nakagua kwenye kitabu. Basi. Tunaelewana.

Leo nilitaka kujua kama inajua kitu. Nilikaa na wazo hilo usiku: labda imesoma magazeti ya zamani mahali fulani. Labda ni kweli. Labda Namba Tano kweli —

Nikaandika maneno ya Bibi jinsi ninavyoyakumbuka, mpaka pale kwenye mgomo. Nikaiambia iendelee.

Mara ya kwanza, aliyewasaliti alikuwa tarishi wa ofisi, aliyeahidiwa baiskeli.

Nikafuta, nikaomba upya. Mara ya pili, msimamizi mwenye rula aliwasikia chooni.

Mara ya tatu, alikuwa Bibi. “Ni mimi niliyesema. Nilikuwa binti mdogo, niliogopa.” Akalia mpaka machozi yakalowesha ubao wa simu. Imeandikwa vizuri kiasi kwamba nilikaribia kuiamini. Mimi, ninayejua ni uongo niliouagiza mwenyewe dakika moja kabla!

Wasaliti watatu. Na mara zote tatu kulikuwa na jiwe kifuani.

Haijui. Haijui chochote. Ingemtaja yeyote aliyekaa karibu. Namba Tano alikaa karibu.

Aliyekaa kompyuta ya pembeni aliniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Jumanne, 9 Juni

Namba Tano hupiga simu kila Jumanne saa kumi. Leo iliita. Bibi aliitazama kwenye kochi kama mdudu.

“Mwambie nimelala.”

Alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka. Nikapokea, nikasema amelala. Namba Tano akacheka: “Saa hizi? Mwambie nimemnyima usingizi kazini miaka yote, sasa ananilipiza.” Nikasema nitamwambia.

Bibi hakuuliza alisema nini. Baadaye, akimenya viazi, aliongea kana kwamba mimi sipo: “Wasichana sita walifukuzwa. Mmoja alikuwa na mimba.” Kiazi kikaanguka. “Na mimi nikaendelea kula naye chakula.”

Jumatano, 10 Juni

Mhadhiri wa Kaka amekuja nyumbani.

Nilitegemea mzee mwenye miwani. Ni mwanamke kijana tu, viatu bapa, mkoba wa kompyuta begani, na alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Mama anamwita Daktari katika kila sentensi. Alikuja kumwomba Bibi afungue maonyesho ya mahojiano hapo chuoni, Ijumaa ya wiki ijayo. Gari litamfuata.

Bibi alivaa gauni lake la kijani. Aliketi wima kabisa, kama yuko kwenye kiti cha ubao wa simu.

Mama, kwa furaha tu, bila nia yoyote, akauliza walichaguaje, maana wanafunzi ni wengi.

“Tisini na tatu,” mhadhiri akasema. “Mama, nisingemaliza mpaka mwakani. Tuliipa akili mnemba iyafupishe yote na kuyapanga kwa uzito wa hisia. Haya ya Bibi yalitoka juu kabisa, yakaacha mengine mbali.”

Nilikuwa nimeshika trei ya glasi. Zikagongana.

Yaani mashine iliandika, na mashine ikasoma, na mashine ikaipongeza mashine. Na katikati yao, Bibi yangu!

Akaendelea, na ninaamini anamaanisha anachosema, ana uso wa mtu mkweli: “Sisi hatuwakatazi wanafunzi. Dunia imeshafika huko. Ila nawaambia, mashine ikusaidie kuandika ulichosikia, isikusikilizie.” Neno zuri kabisa. Ningelinakili popote. Na yeye je, nani alimsomea?

Bibi akajisogeza mbele. “Mwanangu. Hayo maneno yangu. Wewe uliyasikia mimi nikiyasema?”

“Nilisoma muhtasari, Bibi. Sauti yako yenyewe tumeihifadhi salama, haitapotea.”

“Ahaa,” Bibi akasema. “Kwa hiyo ipo.” Na nikaona linalomwingia: kama sauti ipo, basi kweli alisema.

Dakika kumi na nane. Zimo huko chuoni, kwenye kompyuta. Hakuna aliyezifungua.

Kaka alikuwa anammiminia mgeni juisi. Ilipita mdomo wa glasi, ikapita kitambaa, ikafika sakafuni. Mama akasema, “Huyu akiona walimu wake anakuwa bwege, Daktari, msamehe.” Wakacheka.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo. Mhadhiri akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayetaka kuomba ruhusa, na nikaingiza kichwa.

Akiwa anavaa viatu, akasema la mwisho. Muhtasari ulitaja urafiki wa maisha kati ya maopereta wawili. Wamemtafuta Namba Tano kupitia chama cha wastaafu. Watamkalisha pembeni ya Bibi siku hiyo, iwe kama zamani. Mwaliko umeshatumwa, pamoja na nakala ya kijitabu.

Mama akasema, “Jamani, vizuri.”

Kaka akatoka nje. Nilimfuata mpaka kwenye tangi la maji. Alikuwa amechuchumaa. Nikamwambia ampigie mhadhiri wake leo hii, kabla barua haijafika. Akasema kesho. Nikasema leo. Akasema, “Kobe, kesho, tafadhali.” Sijawahi kumsikia akiniambia tafadhali.

Alhamisi, 11 Juni

Hakupiga. Alibonyeza namba mara mbili, akakata kabla haijaita. Nilikuwa nasikiliza mlangoni, sioni haya kuandika.

Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilimkuta Bibi kitandani, anakunja leso zilizokunjwa tayari. Nikamsogelea sikio la kulia.

“Bibi, hukusema yale maneno. Nilikuwepo. Ulisema hilo huliongelei, ukataka simu izimwe.”

Akanishika shavu.

“Jumamosi nilikuuliza, ukasema hukumbuki. Leo umekumbuka?”

“Nilikuwa naogopa.”

“Unanihurumia, mke mwenzangu. Una moyo mzuri. Lakini usinifiche. Mume wangu amesema, chuo kimeandika, sauti ipo. Watu wote hao na mimi, nani kachanganyikiwa?”

Akanikabidhi funguo za sanduku lake. Anasema niwe nazo mimi, maana yeye hajiamini tena.

Bibi amemwambia Mama kwamba ameanza kusahau, na Mama amemtafutia daktari wa wazee, Jumatatu. Nilimsikia Mama bafuni, maji yakiwa wazi kwa muda mrefu na hakuna anayeoga.

Nina funguo mfukoni. Ni nzito, na hazina kosa lolote.

Ijumaa, 12 Juni

Niliandika ujumbe kwa mhadhiri. Namba yake ipo kwenye mwaliko aliomwachia Bibi. “Shikamoo Daktari, mimi ni mdogo wake…” Nikafuta. Nikaandika tena bila shikamoo, kama barua ya ofisini. Nikafuta. Kaka aliniona. Hakuninyang'anya simu. Alikaa chini kando yangu, akasema atakwenda mwenyewe Jumatatu, ana kwa ana. Ameshapanga atakavyoanza. Akaniambia anavyoanza. Ni vizuri. Ni kama kweli atakwenda.

“Na Bibi?”

“Nikitoka huko.”

“Kwa nini si kabla?”

Akakuna goti. “Mhadhiri atanifukuza tu,” akasema. “Bibi atanitazama.”

Jumapili, 14 Juni

Niko jikoni. Naandika huku nimesimama, daftari juu ya kifuniko cha ndoo. Wako sebuleni wote.

Namba Tano amekuja. Bila kupiga simu, na hata si Jumanne. Nilifungua mlango, nikamkuta na fimbo yake na mkoba wake mweusi, amepaka wanja. Nikamwamkia. Akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” lakini hakunitania kama kawaida yake, hakuniuliza kama nimeshapata mchumba vitabuni. Akapita moja kwa moja.

Bibi alikuwa kwenye kochi. Safari hii asingeweza kusema amelala.

Namba Tano alitoa kijitabu mkobani, akakiweka mezani, jalada juu. “Mjukuu wangu amenisomea,” akasema. “Nikamwambia arudie. Nikamwita wa jirani naye asome, nikidhani huyu wangu hajui kusoma.”

Mama akaja kutoka uani na mikono yenye sabuni, anatabasamu. Alikuwa bado hajui. Mama hajawahi kufika ukurasa wa nane! Aliusoma ule wa kwanza, akapiga picha, akamaliza.

Bibi akasema, “Nisamehe, Namba Tano. Nilisema. Sikumbuki nikisema, lakini nilisema.”

“Ulisikiliza laini yangu?”

“Imeandikwa nilisikiliza.”

“Sikuulizi imeandikwa nini. Nakuuliza wewe. Viti vyetu viligusana miaka kumi na tisa. Ulisikiliza?”

Bibi alianza kutikisa mikono, namna anavyotafuta miwani. Alikuwa anatafuta kumbukumbu. Nilimwona akiitafuta, mahali ambapo haikuwahi kuwapo, na hata angeipata! Angeitengeneza, ili tu atujibu.

Na hapo nikasema. Sijui nilisimamaje. Nilisema kwa nguvu, ile sauti ya sikio la kulia, kwa hiyo nadhani mtaa mzima umesikia.

“Bibi hakusema. Nilikuwepo. Aliulizwa habari za mgomo akasema hilo haliongelei, simu ikazimwa. Yaliyobaki yameandikwa na mashine.”

Mama akasema, “Mashine gani?”

Nikamtazama Kaka. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Nilidhani ataondoka. Alikuja mpaka katikati ya sebule akapiga magoti, si mbele ya Bibi — mbele ya Namba Tano — akasema, “Ni mimi, Bibi. Niliiambia iongeze. Sikusoma ilichoongeza. Halafu nikamwambia Bibi yangu kwamba amesahau.”

Sabuni ilikuwa inadondoka kwenye mikono ya Mama. Hakuipangusa.

Namba Tano akataka aelezwe hiyo mashine. Kaka akaeleza vibaya, nikaeleza mimi. Nikamwambia kuhusu chumba cha kompyuta, kwamba niliiuliza mara tatu ikanipa wasaliti watatu, tarishi, msimamizi, na — nikameza ya tatu. Nikasema tu, na mwingine. Kwamba haijui mtu. Inapanga maneno yanayofanana na maneno ya watu.

“Kwa hiyo hakuna aliyesema,” Namba Tano akasema.

“Hakuna.”

“Lakini limeshasemwa.”

Bibi ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. “Kumbe kichwa changu kizima! Wiki nzima najiombolezea. Mume wangu, ningekuwa na nguvu ningekucharaza hapohapo ulipo.” Akamvuta Kaka sikio, kwa nguvu kweli, na Kaka akaliachia sikio livutwe, na akawa analia. Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. Naye akacheka, kile kicheko cha kuponea chupuchupu. Na mimi. Nilihisi mwili mwepesi kabisa. Nilidhani imekwisha! Nilidhani ukweli ukishasemwa, kila kitu hurudi kwenye rafu yake.

Namba Tano hakucheka.

Alikingoja kicheko kiishe. Akakisukuma kijitabu pembeni kwa ncha ya fimbo, taratibu, kama unavyoondoa sahani.

“Sawa. Hukusema. Nimekubali,” akasema. “Sasa niambie, Namba Nne. Ulifikiri?”

Bibi akasema, “Nini?”

“Wasichana sita. Kuna aliyewataja. Wewe na mimi tulibaki. Mtoto huyu alipokuuliza, ulimzimisha simu. Kwa nini ulimzimisha?”

“Ni mambo ya zamani.”

“Miaka yote hii, Jumanne zote hizi. Ulikuwa unafikiri ni mimi?”

Nikasubiri Bibi aseme hapana. Ni neno moja. Mama alisubiri. Kaka aliinua uso kutoka sakafuni.

Bibi alikuwa anatazama mikono yake.

“Mke mwenzangu,” akaniambia, bila kugeuka. “Kachemshe chai.”

Ndiyo maana niko hapa. Maji yameshachemka, nimeyazima, nimeyawasha tena. Nimehesabu vikombe vitano, nimevifuta vyote na vyote vilikuwa vikavu. Kule hakuna anayeongea. Nasikia fimbo ya Namba Tano ikigonga sakafu kidogo, mara moja, kisha basi. Hajaondoka. Bibi hajajibu.

Sufuria inafurika. Sijui niingie na chai sasa hivi au nimngoje Bibi ajibu kwanza.